Mshahara Ukisimama, Rejesho Halisimami

Tabibu mwenye stashahada akitaka kuwa daktari kamili nchini Tanzania, hana njia ya mkato. Shahada ya udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa utarajali. Hakuna anatomia ya jioni. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili naye lazima apite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam, kama mwenzake wa Kenya anavyopita Chuo cha Sheria cha Kenya jijini Nairobi. Ipo elimu isiyokubali kusomwa kwa mabaki ya muda.

Watu wengi hufika kwenye elimu hiyo wakiwa watu wazima wa miaka 35 au 40, wana watoto wanaosoma, na wachache kati yao, idadi inayoongezeka taratibu, wana nyumba iliyowekwa rehani benki. Ada ya chuo hujadiliwa na ukoo mzima. Mjomba huchanga, shangazi huchanga. Rejesho la nyumba hujadiliwa na watu wawili tu, usiku, watoto wakishalala.

Kuna jambo moja ambalo mazungumzo hayo ya usiku hulikosa mara nyingi. Mwenye mkopo huamini kwamba dhamana ya benki ni nyumba, na kwa kuwa nyumba haiondoki, benki itasubiri. Kisheria dhamana ni nyumba kweli. Lakini mkopo wenyewe ulitolewa kwa kuutazama mshahara, ukapimwa kwa mshahara, na unakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mwenyewe. Siku mshahara unaposimama, nguzo iliyoubeba mkopo huo inakuwa imetoka, hata kama kuta hazina ufa.

Ukubwa wa soko lenyewe unaonyesha hivyo. Tanzania ilipitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba. Wakati huo riba ilikuwa kati ya asilimia 22 na 24. Imeshuka tangu hapo, ila mikopo mingi bado imekuwa ikitolewa kwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19, na idadi ya wakopaji ni ya maelfu machache katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu milioni 61.7. Kenya, yenye soko kubwa zaidi, ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 mwishoni mwa 2023. Wenye mikopo hii ni watu wenye slipu ya mshahara: walimu wakuu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, wahasibu, watu wa benki na wa mashirika. Ndio haohao ambao kazi zao huwataka warudi shule.

Hesabu ya mfano itasaidia hapa, maana suala hili likizungumzwa bila tarakimu hugeuka kuwa faraja tupu.

Tuseme ofisa mwandamizi mjini Dodoma alikopa shilingi milioni 60 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16. Rejesho lake la kila mwezi ni takriban shilingi 881,000. Ili akatwe kiasi hicho bila kuvunja kanuni inayotaka theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki mkononi mwa mtumishi, anahitaji mshahara wa msingi wa karibu shilingi milioni 2.4: kodi itachukua chake, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kinachobaki kitapita mle kwa shida. Kama bado analipa mkopo wa elimu wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapiti kabisa. Mtu wa namna hii hana nafasi ya ziada hata kabla hajaijaza fomu ya chuo.

Baada ya miaka 5 anapata nafasi ya shahada ya uzamili, miaka 2 ya kusoma kutwa. Kwa miaka hiyo 5 ameshalipa benki karibu shilingi milioni 53. Je, deni limebaki kiasi gani? Milioni 52.6. Katika milioni 53 alizolipa, milioni 7.4 tu ndizo zilizopunguza deni. Zilizobaki zote zilikuwa riba. Hapo wakopaji wengi hushtuka na kudhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Mkopo wa miaka 15 kwa riba ya namna hii unakula riba kwanza na deni baadaye, na jedwali la marejesho waliloambatanishiwa kwenye mkataba lilisema hivyo tangu siku ya kwanza. Ni jedwali ambalo halisomwi.

Kutoka kwenye tarakimu hizo ndipo kila ushauri unaotolewa barazani unapoweza kupimwa.

Ushauri wa kwanza ni kuomba benki isimamishe marejesho kwa miaka 2. Tuchukue kwamba benki imekubali, jambo ambalo ni adimu. Riba haisimami. Kila mwezi inaongezwa juu ya deni, na mwezi unaofuata inazaa riba nyingine. Mhitimu akirudi na cheti chake atakuta deni limepanda kutoka milioni 52.6 hadi milioni 72.3. Ni kubwa kuliko kiasi alichokopa miaka 7 iliyopita. Kusimamisha kwa miezi 3, wakati wa kuhama au kusubiri fedha za ufadhili ziingie, ni jambo linalobebeka. Kusimamisha kwa muda wote wa masomo ni kuinunua nyumba upya.

Wa pili ni kulipa riba peke yake wakati wa masomo. Unasikika vizuri, na Mzungu mwenye riba ya asilimia 4 unamsaidia sana. Kwa ofisa wetu, riba peke yake ni shilingi 701,000 kwa mwezi. Amepunguziwa 180,000. Kwa familia isiyo na mshahara, tofauti ya 881,000 na 701,000 ni ya gunia la mchele na mafuta ya kupikia. Nayo ni kitu, lakini haijibu swali la laki saba nyingine zitatoka wapi.

Wa tatu ni kurefusha mkopo. Miaka 10 iliyobaki ikifanywa 15, rejesho linashuka hadi 773,000. Ikifanywa 20, hadi 732,000. Hapa pana ukuta wa umri. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na benki haipendi deni livuke siku hiyo. Mwenye miaka 42 anaweza kuongezewa miaka kadhaa. Mwenye miaka 50 hana kitu cha kuongezewa. Pamoja na hayo, kurefusha ndiyo njia yenye madhara madogo kuliko hizo mbili za kwanza, kwa sababu mkopaji anabaki analipa, jina lake linabaki safi, na akianza tena kupata mshahara anaweza kulipa zaidi na kufupisha muda.

Kiwango cha riba ndicho kinachoamua kama mambo haya yanawezekana au la, na Kenya inatoa ulinganisho mzuri. Kampuni ya KMRC, iliyoanza kuzikopesha benki na vyama vya akiba mwaka 2020, imewezesha mikopo ya nyumba kwa riba ya tarakimu moja. Mkopo wa shilingi milioni 4 za Kenya kwa miaka 20, kwa asilimia 9.5, unadai takriban 37,300 kwa mwezi. Mkopo uleule kwa asilimia 15 unadai 52,700. Tofauti ya 15,400 kila mwezi inaweza kulipa sehemu nzuri ya ada. Kwa hiyo mkopaji wa Kenya anayewaza chuo mwaka kesho, na ambaye mkopo wake ni wa riba ya kawaida, afanye kazi ya kwanza sasa hivi angali na mshahara: aulize kama anaweza kuuhamishia mkopo wake kwenye chama au benki inayotoa mikopo ya KMRC. Akishaacha kazi hakuna atakayempokea.

Kuna kosa moja la watu waangalifu ambalo linaumiza zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Mtu akijua ataenda masomoni baada ya miaka 2, huanza kulipa benki zaidi ya rejesho, akiamini anajiwekea miezi ya mbele. Kwa mikataba iliyo mingi, fedha ya ziada hupunguza deni na kufupisha mwisho wa mkopo. Haimpi haki ya kuruka mwezi ujao. Siku mshahara unaposimama, benki inamdai rejesho la mwezi huo kama kawaida, na milioni 5 alizotanguliza hawezi kuzichukua tena. Kwa mwenye safari ya masomo, fedha hiyo ingekaa mahali pengine panapotoa faida na panapofikika haraka: mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS nchini Tanzania, au mifuko ya soko la fedha iliyozoeleka Kenya. Faida ya mifuko hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko riba ya mkopo. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kulala usingizi muhula wa pili.

Ofisa wetu, ili afunike miezi 24 ya rejesho kamili, anahitaji akiba ya shilingi milioni 21 na ushei. Akijipa miaka 3 ya kujiandaa, ni karibu 590,000 kila mwezi kabla ya faida. Kutoka kwenye mshahara ambao theluthi yake ndiyo inayobaki, haiwezekani. Ni vyema lisemwe wazi: kwa mtu anayelipa mkopo wa ukubwa huu peke yake, masomo ya kutwa bila mshahara kwa miaka 2 hayabebeki. Yanabebeka kama kuna mshahara wa mwenzi, au mpangaji, au mwajiri.

Tuanze na mwajiri, maana yeye ndiye mwenye uzito kuliko wote.

Katika utumishi wa umma Tanzania, mtumishi aliyethibitishwa kazini, anayekwenda kusoma kozi iliyomo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi yake na akapewa ruhusa ya masomo, huendelea kulipwa mshahara. Makato yote yanaendelea, la nyumba likiwemo. Kenya nayo ina utaratibu wa likizo ya masomo yenye malipo kwa kozi zilizoidhinishwa, na anayenufaika hutia saini bondi ya kuitumikia serikali kwa muda fulani akirudi. Kwa mwenye rehani, basi, barua ya ruhusa ina thamani kuliko ufadhili wa ada. Mtu akiambiwa achague kati ya kulipiwa ada bila mshahara, na kulipwa mshahara akajilipia ada, hesabu ya ofisa wetu inajibu yenyewe: rejesho la miaka 2 ni milioni 21, na bado hajala.

Tatizo ni kwamba barua hiyo ina foleni. Mpango wa mafunzo huandaliwa na mwajiri, nafasi ni chache, na chuo hakisubiri. Dirisha la udahili likifungwa, mtumishi mwenye barua ya chuo mkononi na asiye na barua ya mwajiri hushawishika kuondoka hivyo hivyo, akitegemea wenzake ofisini watamstahi. Hili ni kosa lisilorekebishika. Kutokuonekana kazini kwa zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni utoro unaoweza kumfukuzisha mtumishi, na anayefukuzwa hubaki na mkopo wa nyumba usio na mshahara, sasa wala wa baadaye.

Anayekwenda kwa likizo bila malipo ana afadhali, kwani kazi inabaki yake. Lakini benki itajua mwezi uleule makato yasipoingia. Baadhi ya mikataba ya mikopo ya watumishi ina kifungu kinachobadilisha masharti pale ajira inapokoma au mshahara unapoacha kupitia benki hiyo, na riba nafuu aliyopewa kwa sababu ya mwajiri wake inaweza kuondoka. Kifungu hicho ndicho cha kukitafuta kwanza, kabla ya kuandika barua yoyote.

Na asitarajie mifuko mingine kuziba pengo. HESLB, iliyoanza kazi mwaka 2005, iliundwa kwa ajili ya vijana wahitaji: mwombaji wa shahada ya kwanza hatakiwi kuzidi miaka 35 wala kuwa na kipato cha ajira rasmi. Fao la kukosa ajira katika mifuko ya pensheni ya Tanzania, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Bima ya mkopo, ambayo kila mkopaji huikatwa na wengi huifurahia bila kuisoma, hulipa kwa kifo na ulemavu wa kudumu. Kwenda chuo si msiba. Kenya inaruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia sehemu ya akiba yake kununua nyumba, hadi asilimia 40 na isiyozidi shilingi milioni 7, au kuiweka dhamana ya mkopo hadi asilimia 60, ila ruhusa hiyo si ya kulipia marejesho ya kila mwezi mtu akiwa darasani. Hata nafuu ya kodi kwa wenye mikopo ya nyumba, ambayo Kenya iliipandisha mwishoni mwa 2024 hadi shilingi 30,000 za riba kwa mwezi, haina kazi kwa asiye na mshahara wa kutozwa kodi. Mfumo mzima umemjengea mkopaji hifadhi kadhaa, na zote zimetundikwa kwenye ule ule mshahara.

Mpangaji ndiye mkombozi wa wengi, hasa chuo kikiwa mji mwingine. Familia inahamia kwa ndugu au kwenye vyumba viwili karibu na chuo, nyumba inakodishwa, kodi inakwenda benki. Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni kwamba kodi ya nyumba ya kawaida mitaa ya Dodoma, au Rongai kando ya Nairobi, haifikii rejesho lenye riba ya asilimia 16. Hufikia nusu, pengine zaidi kidogo. La pili ni kwamba mkataba wa mkopo wa nyumba ya kuishi mara nyingi unamtaka mkopaji apate idhini ya benki kabla ya kupangisha, na mamlaka ya mapato nayo ina fungu lake. Kenya, tangu Januari 2024, hutoza asilimia 7.5 ya kodi ya pango kwa wenye nyumba wa kipato cha kati. Hata hivyo, nusu ya rejesho ikilipwa na mpangaji na nusu ikitoka kwenye akiba, milioni 21 zimekuwa 10 na nusu. Hapo ndipo mpango wa miaka 3 ya kujiandaa unapoanza kuwa na sura ya kweli.

Nyumba iliyo katika maeneo ya vyuo ina faida isiyotiliwa maanani. Mwenye vyumba vya ziada Ng'ong'ona au Iyumbu, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, anaweza kupangisha wanafunzi yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi, asihame hata siku moja.

Wanaokwenda ng'ambo wana hesabu yao. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa ada ya shahada ya uzamili ya mwaka 1 pamoja na posho ya kujikimu, na humtaka mnufaika arejee nchini kwake kwa miaka 2. Mwaka 1 badala ya 2 ni nusu ya pengo. Lakini posho imepimwa kwa maisha ya mtu mmoja Uingereza, haikupimwa kwa rejesho la benki ya Nairobi, na mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi tena kwenda na mke, mume wala watoto, isipokuwa wenye ufadhili kamili wa serikali. Lakini hata kwa hao, kwa posho ya mtu mmoja, familia mara nyingi inabaki. Na ikibaki, inabaki kwenye nyumba, kwa hiyo mpango wa kupangisha unakufa hapohapo. Mzigo wa rejesho unamwangukia mwenzi aliyebaki, ambaye pia sasa analea peke yake. Ni jambo la kuzungumzwa kabla ya barua ya maombi, maana mwenzi huyo ndiye aliyetia saini ya ridhaa nyumba ya ndoa ilipowekwa rehani, na mkopo ukipangwa upya huenda akaitwa tena.

Ikitokea marejesho yamekwama, saa ya sheria huanza kuhesabu. Kwa mabenki, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa ni mkopo chechefu, na taarifa huenda kwenye kumbukumbu za wakopaji. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 humtaka mkopeshaji asubiri mwezi 1 wa kutolipwa, atoe notisi ya miezi 3, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye hutoa siku 45. Tanzania, baada ya mabadiliko ya 2008, notisi ni ya siku 60. Mkenya aliyeacha kulipa siku ya kwanza ya muhula anaweza kuisikia nyundo ya mnada baada ya miezi saba hivi, mwaka wa kwanza wa masomo haujaisha. Mtanzania ana muda mfupi zaidi. Kwa hiyo anayesema "nitaongea na benki mambo yakiharibika" anazungumzia mazungumzo yatakayofanyika katikati ya mitihani.

Benki huzungumza vizuri zaidi na mtu asiyedaiwa. Meneja wa mikopo anaweza kupanga upya mkopo wa mteja ambaye hajawahi kuchelewa, anayekuja miezi 6 kabla akiwa na barua ya chuo, barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, mkataba wa mpangaji na taarifa ya akiba. Mteja huyohuyo akija miezi 4 baada ya kuacha kulipa, faili lake limeshahamia idara ya ukusanyaji madeni, na maofisa wa huko wana kazi nyingine.

Kwamba benki zinaweza, si suala la kubishaniwa. Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO ulipoingia Kenya, Benki Kuu iliruhusu mikopo binafsi iliyokuwa ikilipwa vizuri irefushwe kwa hadi mwaka 1, na hadi mwisho wa mwaka huo zaidi ya nusu ya thamani ya mikopo yote ya benki nchini ilikuwa imepangwa upya. Mfumo haukuanguka. Uingereza nayo, riba zilipopanda, mwaka 2023 ilikubaliana na wakopeshaji kwamba mwenye mkopo wa nyumba anayelipa vizuri anaweza kuomba miezi 6 ya kulipa riba peke yake, au kurefusha muda, bila jina lake kuchafuliwa. Kinachokosekana Afrika Mashariki ni maandishi: kifungu katika mkataba wa kawaida kinachosema mkopaji aliyelipa miaka kadhaa bila kuchelewa, na mwenye barua ya mwajiri ya kurejeshwa kazini, anaweza kurefusha mkopo wake kwa muda wa masomo. Hakigharimu benki kitu kikubwa. Deni linabaki, riba inalipwa, na mteja anarudi na mshahara mkubwa zaidi. TMRC na KMRC, ambazo benki hukopa kwao, zina nafasi ya kulisukuma jambo hili kuliko mkopaji mmoja mmoja kaunta. Sasa hivi kila mmoja anaomba kama anayeomba fadhila.

Baadhi, wakishapiga hesabu hizi, huamua kusoma bila kuacha kazi, nao si watu walioshindwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na Kenya ilizindua chake mwaka 2023. Mwalimu mwenye stashahada anayetaka shahada ya elimu anaweza kuchukua miaka mingi kidogo na asikose rejesho hata moja. Tabibu anayetaka udaktari hawezi. Kwake mlango huo haupo, na ndiyo sababu suala hili lisiachiwe nidhamu ya mtu binafsi pekee. Hospitali za wilaya zinawahitaji madaktari waliowahi kuwa matabibu, watu wanaozijua zahanati kabla ya kuzijua hospitali za rufaa.

Kuna miezi ya mwisho ambayo bajeti nyingi huisahau. Mhitimu anarudi kazini na cheti, na familia inategemea mshahara mpya mwezi huohuo. Katika utumishi wa umma Tanzania, kubadilishiwa kada kunategemea ikama na bajeti. Kama nafasi haikutengewa fedha mwaka huo, husubiri mwaka wa fedha unaofuata, yaani Julai. Akibadilishiwa kada anaweza kuanzia daraja la kuingilia la kada hiyo, na kama mshahara wake wa zamani ulikuwa mkubwa, huombewa abaki nao kama mshahara binafsi. Kwa muda fulani, basi, shahada mpya haileti shilingi mpya. Aliyekuwa likizo bila malipo husubiri pia jina lake lirudishwe kwenye orodha ya malipo, na kwa wiki hizo benki inaendelea kudai. Ofisa wetu wa Dodoma aliyetenga fedha za miezi 24, zikaisha siku ya mahafali, bado ana marejesho ya laki nane na themanini ya kulipa Desemba, Januari na Februari, huku faili lake likiwa juu ya meza ya mtu mwingine.